Shajara ya 4K: kufungua, kufunga, kufungua tena

11 Januari: Kupima

Injini ni Toyota 4K: silinda nne, cc 1,290, kipenyo cha silinda mm 75, mwendo wa pistoni mm 73. Bloki ni ya chuma, hedi inayoifunika juu ni ya aluminiamu, kamshafti (shafti inayofungua valvu) imelala ndani ya bloki na valvu zinasukumwa kwa pushirodi (vijiti virefu) na roka (mikono inayobembea juu ya hedi). Haina kompyuta wala sensa za kubembeleza. Kwa anayejifunzia nyumbani, injini ya upole kuliko hii si rahisi kuipata. Mwenye 3K au 5K anaweza kunifuata pia, maana hao ni ndugu wa tumbo moja. Hatua za kawaida nitazipita mbio; nitakaa pale nilipoharibu.

Ugonjwa wenyewe: inakunywa oili, lita moja kwa kilomita 600 hivi. Ukikanyaga, moshi wa bluu. Ikiachwa ingurume yenyewe inatetemeka kama mwenye homa. Wanaojua, pamoja na wanaojiona wanajua (na mimi nikiwemo), wote walitaja neno moja: ringi, zile bangili za chuma zinazoizunguka pistoni. Siku hiyohiyo nikaagiza seti ya ringi za standadi (saizi ya kiwandani), kabla sijapima chochote. Ikumbuke hiyo seti, itarudi kunicheka.

Leo ndiyo nimepima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini ya moto, plagi zote nne nje, waya wa koili umechomolewa, betri imejaa. Raundi ya kwanza geji ikasoma 95, 90, 60, 60 psi. Nikaona injini imekufa kabisa. Kumbe nilisahau kukanyaga pedali ya mafuta: mlango wa kabureta ulikuwa umefungwa, silinda zinavuta hewa kwa tundu la sindano. Raundi ya pili pedali ikiwa sakafuni: 140, 135, 90, 85. Hizo sasa zinasomeka.

Kisha nikamimina kijiko cha oili katika kila silinda na kupima upya: 165, 160, 100, 95. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi, kwa hiyo namba ikipanda sana, tatizo liko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Silinda ya 1 na ya 2 zimepanda vizuri. Ya 3 na ya 4 zimepanda kidogo tu, na zimekaa jirani. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja na oili isizisaidie, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya hedi (bapa la kuziba kati ya hedi na bloki), kwenye ule ukuta mwembamba ulio kati yao. Kwa hiyo magonjwa ni mawili, na ringi peke yake zisingeponya hata moja na nusu.

25 Januari: Injini imetoka

Kazi ya muda wa saa saba, watu wawili, winchi moja. Kila waya una kipande cha tepu chenye namba, kila hatua ina picha. Piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinatosha, kisha piga nyingine kumi za kabureta.

Kilichonila muda ni stadi (bolti isiyo na kichwa) moja ya manifoldi ya egzosti, ile mirija ya kukusanya moshi. Nati yake ilikuwa imeshikana na kutu, nami nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu. Nguvu nilipata. Stadi ikakatika sawasawa na uso wa hedi, hakuna hata pa kushika kwa koleo. Nikaamua kuitoboa katikati niingize kifaa cha kutolea bolti zilizokatika. Aluminiamu ni laini, stadi ni ngumu. Ncha ya drili ilipokosa kituo kidogo tu ikateleza kuelekea palipo laini. Nilipoinua drili, tundu lilikuwa nusu ndani ya stadi, nusu ndani ya hedi.

Dawa ilikuwa kusimama na kwenda kwa mwenye mashine ya kuchomelea. Aliweka nati juu ya kipande kilichobaki, akajaza weldi katikati ya nati, akaacha ipoe kidogo, akazungusha kwa spana. Ikatoka kama imepakwa siagi. Joto la weldi ndilo lililovunja kutu, na weldi yenyewe haishiki aluminiamu. Ningemwendea kabla ya drili, tundu lingebaki zima. Sasa limetanuliwa na kuwekewa uzi wa springi ya chuma, na limekubali kubanwa. Stadi saba zilizobaki nilizipasha moto kwanza, nikazirudisha nyuma na mbele robo kwa robo, zote zikatoka zenyewe. Somo limegharimu saa nne na ncha mbili za drili.

2 Februari: Kufungua, na kosa la kofia

Gasketi ya hedi ilithibitisha geji: kati ya silinda ya 3 na ya 4 kuna mfereji mweusi ulioungua, upana wa kijiti cha kiberiti. Nimelaza rula ya chuma juu ya hedi, nikajaribu fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Bapa la mm 0.12 linapita katikati. Kwa hedi ya namna hii kinachovumilika ni mm 0.05. Hedi inakwenda kusawazishwa kwa mashine. Uso wa bloki umenyooka.

Tapeti (vikombe vinavyokaa kati ya kamshafti na pushirodi) na pushirodi nimezipanga kwenye trei ya mayai yenye namba, kila moja irudi ilikotoka. Tapeti na uvimbe wake wa kamshafti huwa wameshazoeana. Ukiwabadilishia wenza watakwanguana. Hilo nililijua. Nililosahau ni kwamba kofia za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na shafti kuu, yaani krenki) nazo zina ndoa yao.

Nilifungua kofia nne, nikazisafisha zote kwenye beseni moja la mafuta ya taa, nikarudi kutafuta alama. Zilikuwepo, zimefichwa chini ya kaboni, ila kwenye konrodi mbili zilikuwa zimefifia mno hata sikuweza kuzitegemea. Konrodi na kofia yake huchongwa tundu zikiwa zimebanwa pamoja, kwa hiyo kofia ya nyingine haikai duara hata kama bolti zinaingia bila shida.

Kwa anayejikuta hapo nilipokuwa, nilivyojinasua ni hivi. Mbili zilizosomeka niliziweka kando. Zikabaki konrodi mbili na kofia mbili, yaani jozi mbili tu za kujaribu. Nikabana kofia bila beringi, kwa nguvu ileile ya mwongozo, kisha nikapitisha ukucha taratibu ndani ya tundu, mahali kofia inapokutana na konrodi. Kwenye jozi mbaya ukucha ulikwama, kijingazi kidogo upande mmoja. Nikazibadilisha, ukucha ukapita kama juu ya kioo. Hata hivyo sikuamini ukucha peke yake; zote nne zinakwenda kupimwa duara kwa mashine. Siku hizi napiga alama kwa patasi ndogo, upande uleule, kabla spana haijagusa nati.

8 Februari: Vernia inadanganya

Juu kabisa ya kila silinda kuna ukingo ambao ringi haifiki. Ukucha ulikwama hapo, dalili kwamba ukuta chini yake umelika. Nikapima kwa vernia, kipimo cha mkononi chenye midomo: 75.05. Nikarudia: 74.95. Mara ya tatu: 75.10. Moyo ulitaka kuamini ile ya katikati, kwa sababu ringi za standadi zilikuwa kabatini zikisubiri. Lakini silinda haiwezi kupungua na kuongezeka ndani ya dakika mbili. Midomo ya vernia ni bapa, haikai sawa ndani ya duara, na kipimo chake kinategemea mkono ulivyobana.

Nimeazima geji ya saa ya kupimia silinda. Kila silinda nimeipima kimo cha juu, kati na chini, na kila kimo mara mbili: kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda ya 3 ndiyo iliyochoka zaidi. Juu, kwa upana, 75.16, chini 75.03. Upana ndio unaolika zaidi kwa sababu pistoni husukumwa ukutani upande huo mlipuko unapoikandamiza. Ukiweka ringi mpya kwenye tundu la namna hiyo, itakuwa inapanuka na kubanwa kila inapopanda na kushuka, na silinda ikiwa yai, ringi iliyo duara haitaifunga. Oili ingeendelea kunyweka, nami ningekuwa nimefungua injini bure.

Uamuzi: silinda zote zichongwe hadi 75.50, pistoni mpya za ovasaizi (zilizozidi saizi ya kiwandani) 0.50 na ringi zake. Krenki ina mikwaruzo kwenye shingo (sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi) ya konrodi ya 2, kwa hiyo shingo zote nne za konrodi zisagwe 0.25. Shingo za meni, yaani za beringi kuu zinazoishika krenki kwenye bloki, zinahitaji kung'arishwa tu. Seti ya ringi za standadi sasa ni pambo la kabati.

Nilipopeleka bloki, fundi wa mashine aliuliza, "Bosi, pistoni ziko wapi?"

"Nitaleta zikifika."

"Basi na bloki ilete zikifika."

Nilidhani ananifukuza. Kumbe yeye hachongi kwa kufuata namba iliyo kwenye boksi; anapima kila pistoni kwa mikrometa, kisha anachonga silinda yake kwa kuongeza nafasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya pistoni. Nikasubiri wiki mbili. Ni wiki mbili ninazozishukuru.

1 Machi: Kusafisha (nilivyodhani)

Bloki imerudi, ukuta wa silinda una michoro ya honi (jiwe la kusugulia silinda) iliyopishana vizuri. Ilionekana safi. Nilipangusa silinda kwa kitambaa cheupe chenye mafuta ya taa, kikatoka kijivu. Nikapangusa tena, kijivu. Mara ya sita, bado kijivu.

Mafuta ya taa huondoa grisi, hayaondoi unga wa jiwe la honi. Unga huo umejificha ndani ya mistari. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu, unasugua kama unaosha sufuria iliyoungua. Nilisugua mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikakausha kwa hewa ya kompresa na kupaka oili papo hapo. Papo hapo ni papo hapo: nilipotoka kujibu simu, silinda ya 4 ikaanza kuota kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika tano. Ilikubali kufutika kwa oili na kitambaa.

Njia za oili nilizipuliza kwa hewa, nikaona inatokea upande wa pili, nikaridhika. Sentensi hiyo ndiyo ghali kuliko zote katika shajara hii.

8 Machi: Krenki na pistoni

Beringi mpya za meni ni standadi, za konrodi 0.25. Kupima nafasi ya oili natumia uzi laini wa plastiki: unakata kipande, unakilaza juu ya shingo kavu, unabana kofia kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kubana) bila kuzungusha krenki, unafungua na kulinganisha upana wa uzi uliopondeka na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti. Meni zote tano zimesoma karibu mm 0.04. Konrodi ya 1, 0.04. Ya 2, 0.04. Ya 3, uzi ulitoka mviringo kama ulivyoingia, haukuguswa.

Nilidhani nimesahau kubana. Nikabana tena: vilevile. Nikageuza beringi nisome mgongoni. Tatu zina mhuri wa 0.25, hii ya 3 imepigwa STD. Boksi ni moja, karatasi ni moja, jozi moja ilipotea njia huko ilikofungashwa. Ningeifunga bila kupima, injini ingeanza kugonga dakika ya kwanza. Muuzaji alibadilisha bila maneno. Uzi ule ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonunua, na ndio ulioiokoa krenki.

Ringi: kila moja iingizwe kwenye silinda yake, inyooshwe kwa kusukumwa na kichwa cha pistoni, kisha upime mwanya wa ncha kwa fila geji. Natumia kadirio la kawaida, asilimia 0.4 ya kipenyo, yaani mm 0.30 hivi. Za juu zilisoma 0.20. Ringi ikipata joto hurefuka. Ncha zikikutana haina pa kwenda, itakwaruza silinda au itavunjika. Nikazipunguza kwa tupa, ncha moja tu, nikivuta kutoka nje kwenda ndani. Ya silinda ya 3 nilizidisha, ikafika 0.42. Nimeiacha. Mwanya mkubwa kidogo hupoteza nguvu kidogo. Mdogo mno huua.

Pistoni ya kwanza kuingia ilikwama katikati. Nikaigonga kwa mpini wa nyundo kwa hasira kidogo, nikasikia "tik". Bati jembamba la ringi ya oili lilikuwa limechomoka kwenye mkanda wa kubania, likajikunja ukingoni mwa silinda. Bati moja limekufa, nikaazima la kutoka ile seti ya standadi? Hapana, halikufaa, kipenyo tofauti. Nikangoja seti nyingine siku tisa. Pistoni iliyobanwa vizuri huteleza kwa kugongwa kidogo kidogo na mti. Ikisimama, nawe simama, toa, angalia.

22 Machi: Hedi, kufunga, kuwasha

Hedi imesawazishwa, valvu zimesagwa na sili zake ni mpya. Nilijaribu kwa kumimina petroli kwenye matundu ya kuingizia hewa na ya kutolea moshi na kusubiri dakika kumi. Valvu mbili za egzosti zilivuja, nikarudia kuzisaga, zikakauka.

Kabla ya kufunga hedi, kausha matundu ya bolti. Tundu lisilotokea upande wa pili likibaki na oili, bolti inaposhuka oili haina pa kukimbilia. Ama toki renchi itakudanganya, ama bloki itapasuka. Nimebana kwa hatua tatu kuanzia katikati kwenda nje.

Kuwasha: starta inazunguka, injini inajibu kwa kishindo kupitia kabureta. Mara ya pili, kishindo na ulimi wa moto. Nikazima kila kitu, nikaweka kizima moto karibu (kilipaswa kuwa karibu tangu mwanzo). Mpangilio wa mlipuko ni 1-3-4-2 na nyaya zilikuwa sawa. Ila pistoni ya 1 hufika juu mara mbili katika kila mzunguko mzima wa kazi: mara moja ikiwa imebana mchanganyiko tayari kulipuka, mara nyingine ikimalizia kutoa moshi. Mimi niliweka distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa plagi) kwa alama ya puli peke yake, nikaangukia ile ya pili. Funua kava ya roka uangalie: ikiwa roka za silinda ya 1 zimelegea zote na za silinda ya 4 ziko katikati ya kupokezana, hapo ndipo penyewe. Nikageuza distribyuta nusu mzunguko. Ikawaka kwa mguso wa kwanza.

Geji ya presha ya oili ilisimama 60 psi. Niliiacha dakika 25 kwenye mizunguko kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika, haitoi moshi, haigongi. Usiku ule nililala nikiwa fundi.

23 Machi: Filta

Nimebadilisha oili baada ya hizo dakika 25, na kwa mazoea mazuri niliyoyasoma nikaikata filta nione ilichokamata. Nilitumia msumeno wa chuma. Ndani, karatasi ilijaa vumbi linalometa. Nikakaa chini. Kisha nikajiuliza: msumeno wenyewe umemwaga nini humu? Sumaku iliokota sehemu kubwa ya vumbi lile. Ushahidi niliuchafua mwenyewe.

Filta nyingine, dakika kumi nyingine, safari hii nikaikata kwa mkasi wa bati. Hakuna chuma kinachoshikwa na sumaku. Badala yake kuna uji wa kijivu kwenye mikunjo ya karatasi, na ndani yake vipande vidogo vyeupe, laini, ambavyo sumaku haivitaki. Vyeupe ni ngozi ya beringi. Na ule uji wa kijivu nilikuwa nimeshakutana nao, kwenye kitambaa, tarehe 1 Machi.

29 Machi hadi 19 Aprili: Nje tena

Nimefungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kofia ya meni ya 3. Beringi ina mistari kuzunguka kama sahani ya santuri, na ukipapasa unahisi vichanga vimezama ndani ya ngozi yake. Nyingine nne ziko hivyohivyo kwa kiasi tofauti. Injini imerudi mezani, hedi juu, kila kitu nje.

Njia kuu ya oili hutobolewa moja kwa moja kwa urefu wa bloki, kisha miisho yake huzibwa kwa plagi. Kutoka humo vitundu vidogo hushuka kwenye kila meni. Nilipopuliza hewa ilipita, naam, lakini hewa hupita katikati na kuacha uchafu uliogandia kwenye kona na nyuma ya plagi. Baya zaidi, njia hiyo iko baada ya filta. Unga uliomo hausafiri kwenda filta kwanza. Unakwenda moja kwa moja kwenye beringi, unaikwaruza, ndipo unaanguka kwenye sampu na kuvutwa na pampu hadi filta. Filta ilikuwa inaniletea habari za msiba uliokwisha kutokea.

Plagi zilikuwa zimeshika. Nilizipasha moto, nikagusisha mshumaa pembeni ili nta inyonywe kwenye uzi, zikalegea. Nikapitisha brashi ndefu nyembamba, ile ya kusafishia mirija, pamoja na maji ya moto na sabuni. Kilichotoka mara ya kwanza kilikuwa tope la kijivu, zito kama dawa ya meno, kiasi cha kijiko cha chai. Kijiko kimoja! Nikapitisha brashi mara ishirini na zaidi, kila tundu, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Vitundu vya ndani ya krenki nilivisafisha vilevile, maana navyo vilimeza.

Shingo za krenki zimepona. Mikwaruzo haikamatwi na ukucha na mikrometa inasema zimebaki ndani ya kipimo. Ngozi laini ya beringi ndiyo iliyojitoa mhanga, na ndiyo kazi yake. Pistoni na ringi zimerudi kwenye silinda zilezile.

Hesabu ya kijiko hicho: seti ya beringi za meni, seti ya konrodi, gasketi ya hedi, gasketi za sampu na kava ya cheni, sili mbili za krenki, oili na filta mara mbili, na saa 31. Mradi mzima mpaka leo umekula saa 118. Kwa matumizi ya fedha, karibu nusu imekwenda kwenye karakana ya mashine, na hiyo siijutii. Robo imekwenda kununua mara ya pili vitu nilivyokwisha kununua.

10 Mei: Kilomita 500

Imewaka tarehe 20 Aprili. Filta ya kwanza, iliyokatwa kwa mkasi, ilikuwa na nyuzi chache za kitambaa changu na si zaidi. Ya pili, kwenye kilomita 500, safi. Sikuiacha ingurume tu bila kazi. Ringi mpya zinahitaji mzigo ili zikae, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nimekuwa nikipanda vilima kwa gia ya tatu, nakanyaga, naachia, nakanyaga tena, bila kuikimbiza.

Hedi nimeibana tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Valvu nimeziweka injini ikiwa ya moto: za kuingizia 0.20, za egzosti 0.30. Kompresheni ya leo: 172, 170, 170, 168. Ile ya 3, yenye ringi niliyoipunguza mno, ndiyo moja ya 170. Stiki ya oili haijashuka kwa namna ninayoweza kuiona.

Bado ina tone moja chini ya nyumba ya klachi kila asubuhi. Ni sili ya nyuma ya krenki. Katika ule ufungaji wa pili, saa tano usiku, niliiingiza mdomo wake ukiwa mkavu, na nina hakika umejikunja mahali. Giaboksi itashuka wikiendi ya mwisho wa mwezi. Sili mpya iko kabatini, juu ya zile ringi za standadi, ambazo kama kuna mwenye 4K ya silinda zisizolika, aliyepima kwa geji ya saa wala si kwa vernia, ni zake.